Asumini ya Shadliya

Dalenda alipokubali kuolewa na mgane alijiandaa kwa kila kitu isipokuwa kichaka. Picha za marehemu zilishaondolewa ukutani kabla hajaingia, nguo zilishagawiwa, na vyungu vya jikoni Taufik alimwambia abadilishe vyote akipenda. Lakini uani, pembeni ya mlango wa jikoni, palikuwa na asumini aliyoipanda marehemu Shadliya mwaka ule yeye na Taufik walipohamia, na hiyo hakuna aliyefikiria kuigawa. Ilikuwa imekwea ukuta mzima na kujimwaga upande wa pili, na mgeni akiuliza njia katika mtaa ule wa mji wa Hamamet alielekezwa "kule kwenye asumini ya Shadliya." Hawakusema kwa Taufik. Wala hawakusema kwa Dalenda, ambaye ndiye aliyefagia maua yake kila asubuhi.

Kufagia si kitu. Kilichomkereketa kilikuwa alasiri. Kila siku ya kiangazi, jua likishapunguza ukali, Taufik alitoka na sahani, akachuma matumba ambayo bado yamefumba, akayafunga moja moja kwenye njiti za nyasi kwa uzi mwekundu mpaka akapata kishada cha kuchomeka nyuma ya sikio. Wanaume wa kwetu hufanya hivyo kiangazi, na wengi hununua tu kwa wachuuzi barabarani. Taufik hakununua. Alikuwa amestaafu kazi ya reli, ana mikono mikubwa ya kukazia nati, lakini akishika uzi ule ungedhani ni fundi wa kudarizi nguo za maharusi. Na tena alikuwa akiongea.

"Njoo basi, mrembo. Usininyime leo."

"Unaongea na nani?" Dalenda aliuliza mara ya kwanza alipomsikia, bado wako fungate.

"Na mti."

"Na mti unakujibu?"

"Angalau haunigombezi," Taufik akasema, akacheka, akampa kishada kingine alichomfungia yeye.

Dalenda alikipokea, akakinusa, akashukuru. Mume alipotoka kwenda mkahawani, akakitumbukiza kwenye ndoo ya taka, chini ya maganda ya viazi. Aliyepanda, aliyemwagilia, aliyeketi chini ya kivuli kile akisuka nywele, alikuwa mwingine. Sasa yeye anuse jasho la mke mwenziwe na kusema ahsante?

Huenda angezoea, kama si Neziha. Huyu alikuwa dada wa marehemu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kubembeleza, na kila Alhamisi alikuja kunywa kahawa na kuangalia "mkono wa dada yangu," yaani asumini. Hakubisha hodi. Aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye kichaka, akashika jani moja kama anayempima mtoto homa, ndipo akageuka kusalimia watu.

"Hujambo, bibi harusi?"

Mwaka wa tatu sasa, na bado ni bibi harusi. Dalenda alimkaribisha, akampa kahawa yenye maji ya maua ya ndimu chungu, akampa na biskuti za ufuta, akajibu kila swali kwa adabu. Damu zao hazikupatana, lakini adabu ni adabu. Neziha alikuwa na macho ya kutulia juu ya kitu, juu ya bangili mpya, juu ya pazia, na kitu alichokitazama sana Dalenda alikuwa na hakika kitavunjika.

Kwa hiyo mgeni akishavuka kizingiti kwenda zake, Dalenda alifanya alivyofundishwa na mama yake. Alichota chumvi ya mawe konzi nzima, akaizungusha juu ya kichwa chake, akaizungusha juu ya kiti alichokalia Neziha, akaiyeyusha kwenye beseni la maji. Maji yale yaliyobeba kijicho cha mtu hayamwagwi ovyo. Yanamwagwa mahali pasipokanyagwa, la sivyo atakayekanyaga ndiye atakayekibeba. Na ua ule wote ulikuwa umesakafiwa mawe kutoka ukuta hadi ukuta. Palipokuwa hapakanyagwi ni mahali pamoja tu, lile tuta la udongo chini ya asumini.

Mwaka huo, kiangazi kilipoanza kushika, majani yalianza kuungua.

Yalianzia pembeni. Ukingo wa jani uligeuka kahawia, ukakauka, ukawa unavunjika ukiugusa, huku katikati bado ni kijani kibichi. Yalianza ya chini, yale yaliyokomaa, kisha ubaya ukapanda juu. Maua yakawa machache na madogo. Taufik aliona kabla ya mtu yeyote kuona. Alileta kigoda, akakiweka mbele ya kichaka, akaketi. Siku iliyofuata akaketi tena, muda mrefu zaidi, na wenzake wa mkahawani wakawa wanamsubiri na karata zao.

Dalenda alimtazama kutoka dirisha la jikoni. Mwanamume anakaa na kichaka kama anavyokaa mtu na mgonjwa wake hospitali, mkono juu ya shina, midomo inachezacheza. Mimi nikiumwa kichwa, alijisemea, huniuliza kama nimemeza kidonge. Alitamani kuking'oa kile kichaka kwa meno.

Halafu Alhamisi ikafika na Neziha akafika. Alishika jani, likamvunjikia mkononi.

"Bibi harusi," akasema, hakuinua hata sauti. "Hii asumini dada yangu aliiacha inameremeta."

"Ni joto."

"Joto la mwaka jana lilikuwa dogo? Mti una akili, mdogo wangu. Unajua nani anaupenda na nani anaukalia kooni."

Akanywa kahawa yake yote, akaondoka. Dalenda akabaki amesimama katikati ya ua, na hapo ndipo alipouona mtego aliomo. Kichaka hiki kikifa, mtaa mzima utasema ni yeye. Neziha atalisema kwenye kila harusi na kila matanga. Na Taufik? Taufik hatasema lolote, atakaa tu na kigoda chake mbele ya shimo tupu mpaka siku ya kufa kwake. Mke aliye hai anaweza kushindana na mti. Hawezi kushindana na mti uliokufa mikononi mwake. Asumini ikifa, Shadliya hatatoka tena katika nyumba hii.

Basi akaamua ataiponya. Aliichukia kuliko alivyowahi kuchukia kitu, na ataiponya.

Alianza na wadudu, kwa kuwa wadudu anawajua kila mtu. Aligeuza majani akatafuta chawa wa mimea, akatafuta utando, akatafuta mayai. Upande wa chini ulikuwa safi. Hata hivyo alikoroga sabuni ya kijani kwenye maji na kuyafuta majani moja moja kwa kitambaa, juu na chini, mpaka kiuno kikamkatika. Haikusaidia. Akafikiri ni njaa, akanunua mfuko wa mbolea ya chumvichumvi sokoni na kuinyunyiza bila ubahili. Majani yakazidi kuungua. Akafikiri ni kiu, akawa anamwagilia asubuhi na jioni, na udongo ukawa tope huku majani yakikauka kama yapo jangwani. Mwishowe akasema hapana, huu si ugonjwa, hili ni jicho la Neziha. Mbona kila Alhamisi akija, Jumamosi majani mengine yanaungua? Hesabu hiyo alikuwa ameifanya vizuri kabisa. Akaanza kuizungushia chumvi asumini yenyewe, konzi mbili badala ya moja, na kuimwagia pale pale shinani, huku akisoma alichokikumbuka.

Msimcheke. Nyinyi pia mama zenu waliwafundisha mambo.

Ilipofika hali ya matawi ya chini kubaki vijiti, alimeza kiburi chake, akakata tawi moja, akalifunga kwenye gazeti na kupanda gari hadi kitalu cha Munsif, kwenye barabara ya Nabul. Munsif huyo alikuwa mtu wa maneno mengi, anauza miche na kutukana wateja kwa bei moja.

"Afadhali umeleta tawi," alisema. "Wenzio huniletea jani moja wamelikunja kwenye pochi. Mgonjwa hospitalini unampeleka ukucha? Haya. Yameanza kuungua mapya au ya zamani?"

"Ya zamani."

"Katikati au pembeni?"

"Si unaona? Pembeni."

"Naona. Nataka kujua kama na wewe unaona. Mdudu angetoboa. Ukungu ungetia madoa. Njaa ingeleta umanjano katikati ya mishipa. Huku kuungua ukingo, bibi yangu, ni kiu au ni chumvi."

"Kiu haiwezi. Namwagilia mpaka nyumba inanuka tope."

"Basi chumvi. Upepo wa bahari unawapiga?"

"Ukuta wetu mrefu. Haupiti."

"Umeweka mbolea?"

Dalenda akaanza kulikunjakunja gazeti.

"Umeweka. Umemwongezea mtu wa shinikizo la damu samaki wa chumvi. Lakini mbolea peke yake haifanyi hivi." Munsif akaligeuza tawi. "Upande mmoja au kote?"

Dalenda alifikiri. "Upande wa jikoni ndio mbaya zaidi."

"Basi kuna mtu anaimwagia kitu."

Maneno hayo yalimwingia Dalenda kama habari ya furaha. Kuna mtu! Ni nani basi, kama si yule anayeingia bila hodi na kwenda moja kwa moja kwenye kichaka? Amebeba chumvi kwenye mkoba, anajifanya kushika jani, ananyunyiza. Anaiua asumini ya dada yake mwenyewe ili mke wa pili afukuzwe. Kijicho gani hiki, ya Rabi!

"Hunisadiki?" Munsif alikuwa bado anaongea. "Sadiki ulimi wako. Kwaruza ule ukoko mweupe juu ya udongo, uonje. Ukiwa ni chumvi, ondoa udongo wa juu wote ukautupe mbali, kisha ioshe mizizi kwa maji matamu, mengi, taratibu, yashuke yaende zake. Rudia na kesho na keshokutwa. Usitumie maji ya bomba, kiangazi hiki yana chumvi yake. Mbolea usiguse. Wala usikate kitu mpaka uone macho mapya yanachipua. Jani lililoungua halirudi kijani, usilisubiri. Tazama yanayokuja."

Alirudi nyumbani anaimba. Ilikuwa Alhamisi, alasiri, Taufik keshatoka. Alipiga magoti kwenye tuta, na kweli, kulikuwa na ukoko mweupe aliokuwa akiuona kila siku bila kuutazama. Alikwaruza kwa ukucha, akatia ulimini. Chumvi tupu! Akakwaruza tena upande wa pili apate uhakika, akainama akalamba kabisa kutoka kiganjani.

"Bismillahi," sauti ikasema nyuma yake.

Neziha alikuwa amesimama mlangoni, mkono kifuani. Alikuwa amemkuta mke wa pili wa shemeji yake amepiga magoti chini ya asumini ya marehemu, midomo imejaa udongo.

"Uchawi," Neziha akasema. "Mchana kweupe. Nilijua."

"Mchawi wewe!" Dalenda aliruka akasimama, hata mdomo hakuufuta. "Nimekukamata leo! Ni wewe unayeimwagia chumvi! Unajifanya unamlilia dada yako, kumbe unakuja kuniulia mti ili nionekane mbaya!"

"Chumvi?"

"Chumvi! Onja mwenyewe!"

Neziha hakuonja. Uso wake mrefu ukaanza kubadilika, si kwa hasira, kwa kitu kibaya zaidi. Alikuwa anataka kucheka.

"Wewe mwanamke. Katika nyumba hii nani anashika chumvi kila nikigeuza mgongo? Unadhani mimi ni kiziwi? Sijafika hata kona, kikombe changu hakijapoa, nasikia beseni, shwaa! Miaka mitatu unanizungushia chumvi kama mimi ni shetani, na mimi namezea. Sikuwahi kujiuliza unaimwaga wapi." Akatazama tuta. Kicheko kikamkauka. "Unaimwaga hapa."

Dalenda akajilamba mdomo. Ulikuwa bado una ladha ile ile.

"Nampelekea Taufik habari," Neziha akasema. "Leo hii."

Akatoka. Alikwenda akasimama mlangoni pa mkahawa wa wanaume, jambo ambalo wanawake wa umri wake hawalifanyi, akamwita shemeji yake kwa jina mbele ya watu na karata zao.

Dalenda hakumkimbilia. Angesema nini? Aibu ilimpanda hadi masikioni, lakini chini ya aibu ile palikuwa na woga mtupu. Sasa Taufik ataletewa ushahidi. Yote aliyoyaogopa kusingiziwa, ameyafanya kweli, kwa mkono wake, kila Alhamisi. Alichukua jembe dogo. Kama ni kufukuzwa afukuzwe, lakini hataondoka akiliacha lile jambo vile. Alikwangua ukoko wote na udongo ulio chini yake, akauzoa kwenye gunia. Kisha akafunua mfuniko wa majeli.

Majeli yale, kisima cha mvua kilichochimbwa chini ya ua, maji yake hayaguswi kiangazi ila kwa chai na kahawa. Taufik husema chai ya maji ya bomba ni supu. Dalenda alitumbukiza ndoo, akavuta kamba, akamimina shinani pole pole, akangoja yanyweke, akatumbukiza tena. Anamtekea maji Shadliya. Kama kuna mtu angemwambia siku ya ndoa yake kwamba atamtekea maji Shadliya, angemtemea mate.

Walimkuta hivyo. Neziha mbele, Taufik nyuma, anatembea kama mtu asiye na haraka.

"Tazama!" Neziha akasema. "Sasa anaficha! Anaosha!"

"Sifichi." Dalenda hakuiachia kamba. "Taufik, nimeiunguza mimi. Ni chumvi ya jicho, nilikuwa namwaga hapo. Sikujua, wallahi, sikujua, nilidhani naikinga. Lakini ni mimi."

"Hakujua!" Neziha akasema. "Mtoto mchanga!"

Taufik alilitazama gunia la udongo, na majeli yaliyo wazi, na mdomo wa mkewe wenye matope.

"Neziha," akasema, "nenda nyumbani. Alhamisi ijayo njoo unywe kahawa."

"Hukusikia? Ameua asumini ya..."

"Nimesikia. Mtaa mzima umesikia. Nenda, dada yangu."

Neziha aliondoka, na mara hii aliufunga mlango kwa kishindo. Taufik akavuta kigoda chake, akaketi pale pale anapoketi siku zote. Dalenda alimimina ndoo nyingine. Maji mengine yakamwagikia miguuni.

"Sema kitu," akasema. "Nitukane basi."

"Nilikuona," Taufik akasema.

"Leo?"

"Zamani. Kabla majani hayajaanza. Nilisahau miwani, nikarudi, nikakuona na beseni. Usiku, wewe umelala, nikaja kuonja udongo. Hukuwa wewe wa kwanza kulamba hapa."

Dalenda aliiacha kamba ikamchomoka, ndoo ikapiga maji huko chini.

"Ulijua? Ukaniacha nisugue majani kwa sabuni mpaka nikavunjika mgongo?"

"Sabuni nilidhani ni danganya toto. Nilidhani unaiua makusudi." Alisema bila lawama, kama anayetaja bei ya nyanya. "Nikaona una haki. Umeingia nyumba ina mke mwenzio ukutani. Mimi nilitakiwa niikate siku ya kwanza, sikuweza. Nikasema, kama ataikata yeye kwa njia yake, acha."

"Kwa hiyo ulinidhania mimi muuaji."

"Ndiyo."

"Na kuskusi yangu ukala."

"Kila Ijumaa. Mti nitapata mwingine, Dalenda. Mke mwingine kwa umri huu nitampata wapi?"

Alitaka kucheka, alitaka kumpiga kwa ndoo, ila ndoo iko kisimani. Wivu wa miaka mitatu haukati mara moja kama umeme, na ulimrudia sasa hivi, umekuja na swali lake la mwisho.

"Basi kama uliniachia niiue, ulikuwa unakaa hapa kila jioni kufanya nini? Nilikuona dirishani. Mkono shinani, unainong'oneza. Mimi hujawahi kuninong'oneza hivyo."

Taufik alitazama mikono yake.

"Nilikuwa naiaga," akasema.

Dalenda alimtazama mumewe, mzee mkubwa juu ya kigoda kidogo, ambaye jioni zote zile alikuwa akimzika mkewe wa kwanza mara ya pili, kimya kimya, kwa ajili yake, huku yeye jikoni akimsagia meno. Alijipangusa mdomo kwa kiganja, akazidi kuupaka tope.

"Inuka," akasema. "Chukua kulabu unitolee ndoo, halafu ushike kamba, mimi nimechoka. Hakuna cha kuagwa hapa."